Safari Fupi ya Kuzitazama Ngome za Oman

Kama ilivyo desturi yetu, nawaomba ninyi mliomo katika vikundi mkae karibu na redio, na mwandishi wa kikundi awe na kalamu na karatasi tayari, maana leo tutataja majina ya mahali na hesabu za masafa. Aliye na ramani ya Bara Arabu na aikunjue mezani.

Somo la leo limetokana na barua. Kikundi kimoja cha watu sita wa Pwani kimeniandikia kwamba kwa muda wa miaka miwili wamekuwa wakiweka akiba kidogo kidogo, na sasa wanataka kwenda Oman kwa siku sita kuzitazama ngome. Miongoni mwao wamo walimu wawili, seremala mmoja, na mama mmoja ambaye shangazi yake anakaa Muscat. Wameniletea orodha ya ngome kumi na moja na kuniuliza, "Je, tuanzie wapi?" Jibu langu la kwanza, nao watanisamehe, ni kwamba waanze kwa kufuta.

Sisemi hivyo kwa kutaka kuwavunja moyo. Fedha ya miaka miwili ni fedha ya jasho, na siku sita ni chache. Mtu wa kawaida hupata safari kama hii pengine mara moja katika maisha yake. Mimi mwenyewe nilipokwenda mara ya kwanza nilizitazama ngome saba kwa siku nne. Niliporudi nyumbani na kuulizwa niliyoyaona, nilikumbuka ngazi, milango na mizinga, lakini sikuweza kusema ngazi ipi ilikuwa ya ngome ipi. Nilikuwa nimehesabu tu, sikutazama.

Basi tutafutaje? Katika nchi ya Oman ziko ngome na minara ya ulinzi kwa mamia. Karibu kila bonde lenye maji na mitende lina jengo lake la kulilinda. Ukizichagua kwa uzuri wa picha hutamaliza, maana kila moja ina picha nzuri. Shauri langu ni kushika habari moja na kuifuata toka ngome hii hadi ile, na zile ambazo hazimo katika habari hiyo uziache, hata kama roho inauma. Kwa sisi watu wa Afrika ya Mashariki habari hiyo haiko mbali. Ni habari ya ukoo wa Yaarubi, watu walewale ambao jeshi lao liliitwaa Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1698.

Nitaisimulia kwa ufupi. Wareno waliishika Muscat tangu mwaka 1507. Mwaka 1624 watu wa Rustaq, mji ulio upande wa ndani, walimchagua Nasir bin Murshid kuwa Imamu, naye akaanza kuyaunganisha makabila yaliyokuwa yakipigana. Baada yake akaja binamu yake, Sultan bin Saif, na mwaka 1650 huyo akawatoa Wareno Muscat. Hapa mwandishi wa kikundi aangalie: Sultan ni jina lake alilopewa na wazazi, si cheo. Cheo chake kilikuwa Imamu. Sultan bin Saif alikuwa na wana wawili tutakaokutana nao, Bilarab na Saif. Na huyo Saif alikuwa na mwana aliyeitwa tena Sultan bin Saif, kwa jina la babu yake. Baba, wana wawili, na mjukuu. Kila mmoja kati yao ana ngome inayomhusu, na zote unaweza kuzifikia kwa gari kutoka Muscat.

Tuanze na baba. Mji wa Nizwa uko kiasi cha kilomita 160 kutoka Muscat, kwa barabara nzuri ya lami. Katikati yake umesimama mnara mnene wa duara, ambao kipenyo chake chapita mita 30. Huu ndio mnara wa Imamu Sultan bin Saif, aliyeujenga baada ya kuitwaa Muscat. Wenyeji husema ujenzi wake ulichukua miaka kumi na miwili. Kwa nini duara, na kwa nini mnene namna hiyo? Kwa sababu ya mizinga. Ukuta mrefu mwembamba hupasuka upigwapo na mzinga. Basi mafundi wake waliujaza mnara huo udongo na mawe mpaka kiasi cha nusu ya kimo chake, na juu ya kifusi hicho wakaweka uwanja wa mizinga yao wenyewe, ipate kulenga kila upande.

Njia ya kupandia juu ni ngazi nyembamba inayopinda mara kwa mara, na katika kila pindo pana mlango wa mbao nzito. Inua macho juu ya mlango nawe utaona tundu. Adui akisimama pale akihangaika na mlango, humwagiwa asali ya tende iliyochemshwa, au mafuta ya moto. Nyuma ya mlango palikuwa na shimo lililofunikwa kwa mbao. Mbao zikiondolewa, anayeingia kwa kasi gizani hutumbukia. Aliyeipanga ngazi ile aliwajua sana binadamu wenye haraka.

Na asali hiyo ya tende ilitoka wapi? Ulizeni waonyeshe chumba cha tende. Sakafu yake ina matuta na mifereji midogo. Magunia ya tende yalipangwa moja juu ya jingine mpaka juu, na kwa uzito wake tende za chini zikakamuka, asali ikatiririka katika mifereji na kuingia mtungini. Chakula cha askari kilikuwa ghala hiyo, na silaha yao ilikuwa ghala hiyo hiyo. Ninakitaja chumba hiki kwa sababu wageni wengi hukipita upesi ili wapande mnarani kupiga picha.

Sasa tuje kwa mwana wa kwanza, Bilarab. Kutoka Nizwa kwenda upande wa magharibi kiasi cha kilomita 40 utafika Bahla, na si mbali kutoka hapo iko Jabrin. Wenyewe huiita Hisn Jabrin, na neno hilo hisn ndilo husuni letu, lile lililomo katika jina la Husuni Kubwa ya Kilwa. Huko Oman jina hilo aghalabu hupewa jengo ambalo watu waliishi ndani yake, si jengo la mizinga peke yake. Na kweli Jabrin ni nyumba. Bilarab aliijenga katika miaka ya 1670, baba yake angali hai, Wareno wamekwisha ondoka Muscat na nchi imetulia. Dari zake za mbao zimechorwa maua na kupakwa rangi, na nyingine zina maandishi. Kiko chumba kiitwacho chumba cha jua na mwezi, chenye madirisha kumi na manne, saba chini na saba juu: hewa ya baridi huingia kwa yale ya chini, na ya moto hutoka kwa yale ya juu. Palikuwa na chuo ndani yake, na vyumba vya wanafunzi juu. Mfereji wa maji, uitwao falaj kwa Kiarabu, ulipita ndani ya jengo lenyewe.

Mngedhani mtu aliyejenga nyumba ya namna hiyo angekufa kwa uzee akisoma vitabu vyake. Haikuwa hivyo. Alipokuwa Imamu aligombana na ndugu yake Saif, wakapigana, na Bilarab akajifungia ndani ya Jabrin huku jeshi la ndugu yake likiizunguka. Akafa humo mwaka 1692, na kaburi lake limo humo humo, chini ya jengo. Ukitoka katika chumba cha jua na mwezi ukateremka mpaka kwenye kaburi hilo, utaelewa jambo ambalo hakuna ubao wa maelezo utakaokueleza kwa ukamilifu.

Miaka minne baadaye, mwezi wa Machi 1696, jeshi la huyo huyo Saif likafika Mombasa na kuizunguka Ngome ya Yesu. Waliizunguka kwa miezi thelathini na mitatu, mpaka Desemba 1698. Ndani ya ngome maradhi na njaa viliua watu wengi kuliko risasi. Mwalimu mmoja aliwahi kuniuliza, "Kwa nini hawakuchoka wakaenda zao?" Sikuwa na jibu. Nilipotoka Jabrin nilikuwa nalo walau nusu: Imamu wao alikwisha kumfanyia hivyo ndugu yake mwenyewe, seuze mgeni.

Kati ya Nizwa na Jabrin msiiache Bahla, ingawa si kazi ya ukoo wa Yaarubi. Ni ya kale zaidi, ya watu wa Bani Nabhan, waliokuwa na nguvu katika nchi hiyo tangu karne ya 12 mpaka ya 15. Imejengwa kwa matofali ya udongo juu ya misingi ya mawe, nayo ni kubwa mno, na ukuta unaouzunguka mji pamoja na mitende yake una urefu wa kilomita 12 hivi. Nimeiweka katika orodha ili muone ngome ilikuwaje kabla mizinga haijashika kazi: mirefu na yenye kuta nyembamba kuliko mnara wa Nizwa. Shirika la Umoja wa Mataifa la UNESCO liliiandika katika urithi wa dunia mwaka 1987, na mwaka uliofuata likaiandika tena katika orodha ya mahali palipo hatarini, maana udongo ulikuwa ukibomoka. Ilitolewa katika orodha hiyo ya hatari mwaka 2004, na wageni wakaruhusiwa kuingia tena mwaka 2012. Basi hapa lipo somo la mipango: ngome hufungwa kwa matengenezo, pengine kwa miaka. Kabla ya kulipa nauli, ulizeni kwa barua au kwa simu kama kila moja katika orodha yenu iko wazi.

Sasa itazameni ramani. Mkitoka Bahla kwenda Rustaq, mji wa Imamu Saif, kwa rula mtapata kiasi cha kilomita 50 tu. Nami nilitumia rula. Niliandika katika daftari langu, "Bahla mpaka Rustaq, saa moja." Nilipomwonyesha dereva daftari hilo alilitazama, akanitazama mimi, akacheka mpaka akaegemea gari. Kati ya miji hiyo miwili imesimama milima ya Jabal Akhdar, ambayo vilele vyake vinafika karibu mita 3,000. Iko njia ya kupita juu, lakini ni ya mawe na makorongo, ya gari lenye nguvu na dereva aliyeizoea, na mvua ikinyesha mlimani maji hushuka makorongoni kwa ghafula na kuchukua magari. Mgeni mwenye gari dogo la kukodi asijaribu. Ilinibidi kurudi mpaka upande wa Muscat na kuizunguka milima, na siku yangu moja ikapotea njiani. Basi kila mara mpimapo safari, fuateni mstari wa barabara kwa uzi, kisha unyosheni uzi huo juu ya kipimo cha ramani. Uzi haudanganyi kama rula.

Kwa sababu hiyo Rustaq ifanyeni safari ya siku moja peke yake kutoka Muscat, kwenda na kurudi. Ngome yake ni kongwe sana, na misingi yake inasemwa kuwa ni ya zamani za Waajemi, kabla ya Uislamu. Huko ndiko alikozikwa Saif bin Sultan, mshindi wa Mombasa. Watu wa Oman hawamkumbuki kwa vita tu, bali pia kwa mitende aliyoipanda na mifereji aliyoitengeneza. Kiasi cha kilomita 20 kutoka Rustaq iko al-Hazm, ngome ya mjukuu, Sultan bin Saif wa pili, aliyeujenga mwanzoni mwa karne ya 18 na kuuhamishia makao yake. Naye amezikwa mumo humo. Ndani yake mtaona mizinga ya Wareno yenye nembo ya mfalme wao. Babu aliwapiga Wareno, mjukuu akailinda nyumba yake kwa mizinga yao. Alikufa si miaka mingi baada ya kushika Uimamu, na nchi ikaingia katika ugomvi mrefu wa kugombea nani atawale. Habari hiyo tutaiacha kwa siku nyingine.

Mkijumlisha ni ngome tano: Nizwa, Bahla, Jabrin, Rustaq na al-Hazm. Zile mbili za bandari ya Muscat, Jalali na Mirani, zilizojengwa na Wareno katika miaka ya 1580, zitazameni kutoka nje mkipita pwani. Katika niliyoyafuta, Nakhal ndiyo iliyoniuma, maana imejengwa juu ya jabali na ukuta wake unafuata kila pindo la mwamba. Lakini nimeifuta.

Sasa tuzipange siku. Siku ya kwanza iandikeni kwa jina la shangazi. Nasema haya bila mzaha. Mwenye jamaa Muscat hawezi kushuka ndegeni jioni na kuondoka alfajiri kwenda Nizwa. Ni lazima anywe kahawa, ale tende na halua, aulizwe habari za kila mtu aliye hai na kila aliyekufa, na jirani waitwe waje kusikia. Tena msishangae mkisikia Kiswahili katika nyumba ya tatu na ya nne. Watu wengi waliokuwa Unguja na Pwani walihamia Oman baada ya mwaka 1964, na wengine zaidi baada ya Sultan Qaboos kushika utawala mwaka 1970. Usipompa shangazi siku yake, ataichukua mwenyewe, na itakuwa siku ya Jabrin.

Siku ya Ijumaa nayo ipangeni mapema, kwa sababu katika siku sita ni vigumu kuikwepa. Saa za kufungua ngome hubadilika siku hiyo kwa ajili ya Sala, na mwezi wa Ramadhani hubadilika tena. Afadhali mlale Nizwa usiku wa kuamkia Ijumaa. Asubuhi na mapema pana mnada wa mifugo karibu na ngome: wauzaji wanazunguka na mbuzi katika duara, wakitaja bei kwa sauti, na wanunuzi wamekaa wakitazama. Muutazame, kisha mngoje saa za ngome kwa utulivu. Kesho yake Bahla na Jabrin, halafu rudini Muscat jioni. Siku inayofuata Rustaq na al-Hazm. Zaidi ya ngome mbili kwa siku sikubali.

Kuhusu majira, nendeni kati ya Novemba na Machi. Mwezi wa Juni au Julai joto hupita nyuzi 40, na hakuna historia inayoingia kichwani katika joto hilo. Magari hupita mkono wa kulia, kinyume cha kwetu, kwa hiyo atakayeendesha asianze usiku, tena baada ya safari ya ndege ya saa tano. Saa ya huko iko mbele ya yetu kwa saa moja. Fedha yao ni riali, nayo ni nzito: riali moja ni zaidi ya dola mbili na nusu za Marekani, na hugawanywa baisa elfu moja. Tena fedha yake mgeni huiona ndogo kwa tarakimu, akaitumia kama shilingi. Habari za viza na cheti cha chanjo ulizeni katika ubalozi, msiulize barazani. Kwa watu sita gari moja kubwa la kukodi lafaa kuliko teksi. Basi la abiria lipo mpaka Nizwa, ila Jabrin iko pembeni ya njia kuu. Fungu moja katika kila mafungu kumi ya akiba yenu liwekeni kando, lisiguswe.

Yabaki kazi ya vikundi kwa juma hili. Wale walio karibu na Mombasa waende Ngome ya Yesu, na walio Unguja waende Ngome Kongwe. Kila mmoja achore ramani ya ngome kwa hatua za miguu yake, kisha ajibu maswali mawili tu. Maji yaliingia kwa njia gani? Na adui aliyekwisha ingia mlangoni alilazimika kugeukia wapi? Maswali hayo hayo ndiyo mtakayoyauliza Nizwa na Jabrin, na daftari hilo hilo mtakwenda nalo. Walio mbali na ngome yoyote wapime safari ya Muscat mpaka al-Hazm kwa uzi, waniandikie walichopata.

Na ninyi watu sita, orodha yenu nimeirudisha kwa posta. Nimefuta majina sita kwa penseli, si kwa wino. Kwa herini mpaka juma lijalo, saa hii hii.